Kifungo cha Koti Shingoni mwa Binti Yangu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule humu humu sebuleni kwangu, Kiingereza changu ni cha kuokoteza, na sikutaka mwanangu aje adharauliwe kama wanavyonidharau wateja wa maofisini, wananisema mbele yangu wakijua siambulii kitu, basi nikanunua kitabu cha misemo ya Kiingereza, kipande cha keki maana yake jambo rahisi, kumwaga maharage maana yake kutoboa siri, tukawa tunakariri mimi na binti yangu wa pekee kila asubuhi nikimchana nywele, na nikatunga sheria kwamba humu ndani atakayeongea Kiswahili atavaa shingoni kifungo kikubwa cha koti nilichokitia uzi, hadi mwingine akosee. Mwanzoni tulicheka, maana mimi ndiye niliyekivaa kutwa, na baba yake akirudi kutoka gereji alikuwa anaingia kimyakimya, hata salamu hatoi, asije akavishwa.

Sasa juzijuzi binti karudi kutoka shuleni macho yamemvimba, akaja akasimama karibu na cherehani akasema, "Mama, mimi..." na mkono wangu, Shangazi, ulikwenda wenyewe, nikakivua kifungo nikamvisha, tena huku nacheka kwamba nimemkamata. Akaenda kulala nacho.

Tangu siku hiyo hajaniambia neno la Kiswahili. Mwalimu wake ameniita, anasema mtoto hagusi chakula, anakaa peke yake nyuma ya darasa, kuna jambo na hamwambii mtu, na mimi nikimuuliza ananijibu kwa misemo ya kitabuni, eti yuko chini ya hali ya hewa, nikakimbilia kitabu, maana yake anajisikia vibaya kidogo, kwa hiyo maana naijua, ila mwanangu ana nini sijui. Sheria nimeifuta, nimembembeleza kwa Kiswahili, nimelia mbele yake, ananitazama tu kama mteja anayesubiri chenji, na kifungo hataki kukivua. Baba yake kaniambia, "Wewe ndiye uliyemfunga mdomo, mfungue wewe." Naomba unipe msemo mmoja wa Kiingereza, usiwe mkali, wa kumwambia mtoto afungue moyo wake. Nitaukariri vizuri.

Fundi Sare

Fundi, pole sana. Barua yako imeniuma, na imenikera pia. Yaani yote hayo yametokea na bado unaniomba msemo? Sikupi. Hata ningekuwa nao nisingekupa.

Kutaka mtoto asidharauliwe si kosa, mama yeyote angetaka. Lakini alikuletea mzigo wake, wewe ukamtega na kumcheka. Usijidanganye kwamba ni mkono uliokwenda wenyewe.

Kesho asubuhi rudi kwa mwalimu, umweleze habari za kifungo bila kuona haya, kisha muulizane nani anamsumbua huyo mtoto na wapi, na wenzake waulizwe. Hilo halisubiri yeye afunguke. Kitabu kiondoe machoni pake. Kifungo usimnyang'anye, atakivua mwenyewe akichoka nacho. Na kulia mbele yake acha, ana ya kwake ya kubeba. Mwite akae karibu nawe akusaidie kuchomoa nyuzi, umwombe radhi mara moja, kwa Kiswahili, bila kujitetea, halafu uendelee kushona. Ukitaka kusimulia, msimulie kuhusu wale wateja. Nina hakika hujawahi kumwambia.

Siwezi kukuahidi kitu. Huenda kilichomliza siku ile hutakisikia kamwe kutoka kinywani mwake, na itabidi uishi hivyo. Ila akija tena kusimama hapo karibu na cherehani, akaanza kusema "Mama, mimi", toa mguu kwenye cherehani, mikono yako uikalie, usubiri.