Kioo Chenye Ukungu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Fundi kugongwa na gari mlangoni pa gereji yake
Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Mtaani anafahamika kama Mama Rejeta
Umri: Miaka arobaini na mbili
Kazi: Fundi wa rejeta, hita na viyoyozi vya magari
Makazi: Chumba cha nyuma ya gereji yake, barabara ya mafundi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, hakuna aliyenikokota. Afande anayeandika ameniomba nisiongee haraka na nisitukane. La kwanza nitajitahidi.

Aliyelazwa hospitali kwa kuvunjika mguu ni fundi mwenzangu. Gereji yake inatazamana na yangu. Mtaani tunamwita Toatoa, kwa sababu gari lolote likichemsha maji, dawa yake ni hiyo hiyo moja, anatoa thamostati na kumwambia mwenye gari sasa litapumua. Ni mchumba wangu. Kaka yangu ameshapokea posa.

Aliyeko mahabusu kwa kumgonga ni mtalaka wangu, baba wa binti yangu, msambazaji wa mikate madukani. Huyu simpendi. Andika hivyo hivyo, afande, usilainishe. Aliniacha kwa ujumbe wa simu nikiwa chini ya gari la mteja, na mpaka leo akija kumchukua mtoto hashuki, anapiga honi nje kama anaita mbwa. Akiozea jela kwa kosa lake nitalala usingizi mnono. Ila hilo kosa liwe lake kweli. Mnasema alikusudia kuua, na mtu hafungwi maisha kwa sababu mimi namchukia.

Tulipoachana tuligawana magari. Yalikuwa mawili ya aina moja, makuukuu yote. Yeye akachukua la kijivu, mimi nikabaki na jeupe. Yote mawili niliyahudumia mimi.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu gari lake la kijivu lilichemsha. Kwangu hakuja, kiburi hakikumruhusu, akampelekea Toatoa. Nilikuwa mlangoni pangu nachomelea rejeta, nikamsikia Toatoa akimwambia, "Thamostati imekufa hii. Naitoa, naitupa kwenye vyuma chakavu." Sikuingilia. Mambo ya mtalaka wangu na injini yake hayanihusu ndewe wala sikio.

Afande ameuliza thamostati ni nini. Ni kifaa kidogo, kinaenea kiganjani, kinakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinaziba, maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla hayajapata moto. Maji hayo hayo ya moto ndiyo yanayopita kwenye hita na kupasha joto watu walio ndani. Ukikitoa, maji yanapoa tangu unapowasha gari. Mchana wa jua hutagundua. Asubuhi ya baridi na mvua, hita inakupulizia upepo kama wa friji, pumzi yako inaganda kwenye kioo cha mbele, na unaendesha kama umefunikwa shuka usoni.

Kesho yake, tarehe 7, Toatoa alivuka barabara na spana zake. Gari langu jeupe nalo hita yake ilikuwa hoi tangu mwaka jana. Najua, kinyozi hajinyoi. Akasema, "Leo kaa chini, bibie, nikuhudumie mimi." Nikakaa. Miaka mingapi nimeinama kwenye magari ya watu, hakuna aliyewahi kuinama kwenye langu. Alipomaliza aliwasha, akaniweka kiti cha mbele, hewa ya moto ikanijia miguuni. Nilifurahi sana, siwezi kuficha. Niliwaambia hata wateja.

Tarehe 9 mtalaka wangu alirudi kwa Toatoa akifoka. Alisema tangu kifaa kitolewe hita haina joto, asubuhi kioo kinajaa ukungu, nusura aingie mtaroni na mikate. Toatoa akamjibu, "Gari la kizee unataka joto la nini? Vaa sweta." Barabara nzima ikacheka, na mimi nikiwemo. Mtalaka wangu akasema, "Kesho asubuhi nakuletea gari. Usipolirudisha kama lilivyokuwa, utanitambua." Maneno hayo aliyatamka na niliyasikia kwa masikio yangu. Siyafichi.

Mnamo tarehe 10, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kulikuwa na manyunyu na baridi ya kukata mifupa. Nilikuwa nafungua mlango wangu wa bati. Toatoa naye alikuwa ameinama anavuta komeo la geti lake, mgongo kaelekeza barabarani. Gari la kijivu lilikuja taratibu likakata kona kuingia kwake. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe tupu. Nikaona mkono wa dereva ukifuta kioo kwa ndani, kushoto, kulia. Alikuwa bado anafuta gari lilipombana Toatoa kwenye geti. Sikusikia injini ikiunguruma. Nilisikia mguu.

Mtalaka wangu alishuka akiwa na kitambaa cha mikate mkononi. Akasema, "Nimegonga nini?" Hakusema nimemgonga nani. Alisema nini.

Watu wakamrukia, na kila aliyesikia "utanitambua" ya jana yake akajifanya hakimu. Askari wa kwanza waliofika waliwauliza wote isipokuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimempakata Toatoa kichwa.

Jioni hiyo hospitali Toatoa alinishika mkono, akasema, "Ukiitwa, sema ulimwona akikanyaga mafuta."

Nikamwambia, "Nilimwona akifuta kioo."

"Ulikuwa mbali."

"Mbali wapi? Barabara yenyewe tunatupiana spana."

Akageuzia uso ukutani. Akasema, "Wewe ni mke wangu mtarajiwa au wakili wake?" Nilimlisha uji wake ukaisha, nikaondoka.

Tarehe 11 alikuja dada wa mtalaka wangu, yule wifi ambaye siku ya talaka yangu alipiga vigelegele. Hakukaribia hata kiti. Alisema, "Najua unatuchukia. Lakini usimzike mtu mzima mzima." Nikamwambia, "Wifi, mimi si mchimba kaburi. Nitalitazama gari. Nikikuta hana hatia nitasema, na nikikuta anayo nitasema kwa sauti zaidi." Tukaja hapa kituoni, na wewe mwenyewe afande ukatufungulia uani.

Ulisimama kando yangu na mwavuli, kwa hiyo yafuatayo uliyaona. Maji ya rejeta yalikuwa yamejaa, hayakupungua. Nikawasha gari. Feni ya ndani ilipuliza kwa nguvu, kwa hiyo kosa si feni. Nikazungusha kitufe cha joto, nikasikia kile kibao cha nyuma ya dashibodi kinachofungulia hewa ya moto kikigonga huku na huku, kwa hiyo waya haujakatika. Nikashika mipira miwili inayoingia kwenye hita. Hita ingekuwa imeziba, mmoja ungekuwa wa moto na mwingine baridi. Yote miwili ilikuwa vuguvugu sawasawa, kama chai iliyosahaulika. Kisha nikakushikisha mpira mkubwa unaokwenda kwenye rejeta. Ulikuwa unapata vuguvugu tangu gari lilipowashwa, wakati ulipaswa kubaki baridi mpaka injini ichemke. Mshale wa joto haukunyanyuka kutoka chini kabisa pale ulipolala.

Nikafungua nyumba ya thamostati. Tupu. Pembeni kulikuwa na gundi nyekundu mbichi, ile anayopaka Toatoa. Mpaka hapo sikushangaa, kwa kuwa kutoa ndiyo kazi yake. Ulisema, "Basi ni uzembe tu wa fundi." Nami nikasema ndiyo.

Nilipofika nyumbani sikulala vizuri. Gari langu lina joto. Thamostati ya magari yale ni adimu, mimi mwenyewe niliitafuta mwaka mzima kila duka nikaikosa. Toatoa aliipata wapi kwa siku moja?

Nina desturi moja. Kwenye barabara yetu vipuri vina miguu, ukigeuka vimehama. Kwa hiyo kila kifaa ninachofunga nakipiga vitone vitatu kwa msumari wa chuma, kwenye ukingo, upande unaofunikwa na gasketi. Hajui mtu. Hata Toatoa hajui.

Leo tarehe 12, alfajiri, nilifungua injini ya gari langu. Nikatoa thamostati, nikaifuta kwa kanga yangu. Vitone vitatu. Ni ile niliyoifunga mimi kwenye gari la kijivu nikiwa bado mke wa mtu. Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, maji yakapata moto, ikafunguka vizuri, yakapoa, ikafunga. Haikuwa imekufa. Niliketi juu ya ndoo nikalia, na hilo pia liandikwe.

Nilimpigia Toatoa simu. Nikamuuliza, "Thamostati ya gari langu uliinunua wapi?" Akasema, "Nilitaka tu upate joto." Nikakata simu.

Moyo wa mtalaka wangu siujui, na sina hamu ya kuujua. Maneno aliyasema, na kupitia kioo kile hakuona kitu. Kifaa hiki hapa mezani, kwenye kanga. Nimeendesha gari langu kuja kituoni bila hicho, hita inapuliza baridi, nafuta kioo kwa mkono njia nzima. Nilipokata kona kuingia getini kwenu, nusura nimgonge askari wako wa zamu. Aliruka pembeni, kofia ikaanguka. Na yule sina ugomvi naye wowote.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyashika kwa mikono yangu. Nimesomewa yote. Nimeomba sahihisho moja tu, kwamba pale juu palipoandikwa "mchumba wangu" pasomeke "aliyekuwa mchumba wangu".

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Taarifa ya afisa aliyeandika: Maelezo yamechukuliwa kituoni bila vitisho wala ahadi. Nimepokea thamostati moja, yenye vitone vitatu ukingoni, kama kielelezo. Askari wa zamu getini amethibitisha kwamba aliruka. Shahidi ameomba kesi ikiisha kielelezo kirudishwe kwenye gari la kijivu, si kwake. Nilimshauri asiendeshe gari lake mpaka ukungu uishe, akasema atasubiri jua, na kwa sasa amekaa benchi la nje.