Alipoita Jina Lako

Arkhangelsk,
Mei 1977

Mdogo wangu mpenzi Lusha,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu kwenye baridi, nyingine umpe mumeo Otari, na moja laini umwekee mtoto shavuni akiwa amelala, usije ukamwamsha. Vipi homa, imekuachia? Mshono umefunga? Mtoto ananyonya vizuri, au ni mvivu kama ulivyokuwa wewe? Mimi ni mzima. Miguu inavimba jioni, lakini hilo si la kuandikia barua. Siku hizi giza haliingii kabisa, unajua kulivyo, watu wanatembea ukingoni mwa mto saa ambazo ninyi wa Batumi mmeshalala, na mimi nimefunika dirisha kwa blanketi la mama ili nipate usingizi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti sijavua. Lusha, usijilaumu kwa kukosa maziko. Daktari aliyekukataza kusafiri na mshono mbichi alikufanyia haki, na hata ungeondoka, ukungu ulikaa juu ya mji siku zile na ndege hazikutua. Hakuna aliyekusema vibaya. Ila umeniuliza kama mama alikutaja kabla ya kufa, na kama amekwenda na kinyongo chake. Hilo nitakujibu, lakini niache nianze kwenye vuli iliyopita, kwa sababu mengi hukuandikiwa. Kila nilipokuandikia "mama hajambo" nilikuwa nakuficha. Ulikuwa na mimba inayokusumbua, ningekuandikia nini?

Unakumbuka nyumba yetu ya kisiwani ilivyokuwa imeinama hata wewe ukiwepo, ukiweka yai mezani linakwenda lenyewe dirishani. Vuli nguzo za upande wa mto zilizama kabisa kwenye kinamasi, na mlango wa mbele ukawa haufungi. Halmashauri wakatuhamishia huku ng'ambo, mjini, ghorofa ya nne kwenye jengo la zege, maji ya moto yanatoka ukutani. Nisikufiche, mimi nilifurahi. Siku ya kwanza nilioga mpaka vidole vikakunjamana. Mama alikaa juu ya sanduku lake katikati ya chumba, shali hajavua, akauliza jiko liko wapi. Alikuwa akiulizia jiko letu kubwa la matofali, lile ambalo wakati wa vita alilala juu yake na sisi wawili ubavuni mwake. Nikamwonyesha la gesi. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Hili si jiko, hii ni sufuria yenye miguu." Nikacheka. Nilidhani anatania.

Kumbe akili ilikuwa imeshaanza kumtoka, na kuhama kukaisukuma. Kabla theluji haijatulia alikuwa hanijui tena. Asubuhi akiamka ananikuta namchemshia chai, ananiita, "Wewe mama wa halmashauri, umelipeleka wapi jiko langu?" Nikimwambia, "Mama, ni mimi Kapa," anakasirika, anasema mimi ni mwizi na sasa nataka kuiba na jina la mwanawe. Siku moja nilirudi kutoka kiwanda cha mbao nikamkuta amejaza vijiti ndani ya jiko la gesi, anatafuta kiberiti. Ndipo nilipoacha kazi. Wenzangu wa kwenye misumeno walinifanyia chai ya kuniaga, wakasema nitarudi mambo yakitulia. Niliwaitikia.

Mchana nilikuwa namtoa nje apate hewa. Tukifika ukingoni anasimama pale penye uwanja na kutafuta kitu angani. Anawashika wapita njia mikono na kuwauliza wamelificha wapi kanisa kuu. Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, hilo lilivunjwa kabla hata mimi sijazaliwa." Mama akamjibu, "Basi na wewe hujazaliwa vizuri, kama umekubali." Kijana alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikacheka naye, halafu nikamshika mama kwapani tukarudi, na njia nzima alikuwa analia kama mtoto aliyepotezewa kitu, maana yeye alikuwa amekuja kumwashia mshumaa baba, aliyechukuliwa na barafu.

Mwaka mpya ulipokaribia alinidai unga. Niliogopa, lakini nikampa. Lusha, laiti ungeona. Mtu ambaye hakujua kijiko kinashikwa upande gani aliunguza sukari mpaka ikawa nyeusi ile inayotakiwa, bila kuionja, akatia karafuu na mdalasini, akakanda, akakata kozuli, biskuti zetu za mwaka mpya, kama alivyozikata miaka yote, mbuzi wenye pembe, kulungu, ndege. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Jumba zima la zege lilinukia nyumbani, watu wakawa wanateremka ngazi kuuliza ni nini hiki. Kisha akachukua sukari nyeupe na ile ya waridi akaanza kupamba, na kila mbuzi, kila kulungu, kila ndege akamwandika jina lilelile. Jina lako. Nilizigawa hivyohivyo kwa majirani. Mzee Feoktist, unamkumbuka, yule anayetandika mbao za njia ya miguu juu ya barafu kila mwaka, alivuka kutoka kisiwani kuja kupokea yake, akaisoma, akasema, "Haya, tangu leo niiteni Lusha. Lakini sitaolewa na baharia." Mama alimpiga kofi la bega. Feoktist peke yake ndiye mama aliyeendelea kumjua mpaka mwisho, sijui kwa nini yeye.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Mwishoni mwa Aprili meli za kuvunja barafu zilipanda kutoka baharini, na njia ya miguu ya kwenda kisiwani ikafungwa. Mji wote ulishuka ukingoni kusubiri barafu iondoke, kama ilivyo desturi, watoto mabegani, watu wanatafuna mbegu na kubishana itaanza leo au kesho. Mimi nilikuwa bafuni nafua shuka zake. Nilipotoka, mlango ulikuwa wazi na viatu vyake vya nje vipo. Alikuwa ameondoka na vya ndani.

Yaliyotokea pale mtoni nimeyapata kwa Feoktist. Anasema alimwona anashuka peke yake kwenye mbao za mwisho ambazo bado hazijaondolewa, akamkimbilia akimpigia kelele.

"Agrafena! Barafu imeoza, rudi!"

"Umeoza wewe. Mto huu nimeuvuka na ndoo mbili na mimba tumboni. Pisha."

"Unakwenda kwa nani huko? Nyumba haina mtu."

"Zosima anarudi leo na jiko ni baridi. Atanionaje?"

Anasema alipomsikia anamtaja baba, alishusha mkono aliokuwa amemzuia nao. Yeye ndiye aliyekuwa na baba siku ile ya kuwinda sili, akaruka ufa ulipofunguka na baba hakuuwahi, na kipande cha barafu kikaondoka naye. Alisita kidogo tu, na mama akampita. Hakwenda mbali. Barafu ya pembeni ilikatika akazama mpaka kiunoni, na Feoktist, na umri wake ule, akalala kifudifudi akamnasa kola kwa mti wake wa kusukumia magogo. Walimleta kwangu amefungwa kwenye makoti ya watu nisiowajua. Njia nzima anamtukana Feoktist kwamba amemchelewesha.

Kichomi kilimshika usiku uleule. Daktari alikuja, akasema apelekwe hospitali, mama akashika kitanda kwa mikono miwili na hakuna aliyeweza kumbandua. Daktari akaniangalia, akaniachia dawa, akaniambia nimkalishe na mito ili apumue. Nikakuandikia ile telegramu ya kwanza.

Alikufa siku barafu iliposafiri. Hakufia kwake wala hakuzikwa kwake. Mto ulikuwa umejaa vipande vikubwa kama nyumba, hakuna chombo kilichoweza kuvuka, na hatukuweza kumweka ndani ya nyumba mpaka mto upitike. Tumemzika huku mjini, kwenye makaburi yenye kanisa dogo, udongo umeganda mpaka wachimbaji wakawasha moto juu yake kwanza. Feoktist alikuwa amerudi kwake kisiwani kabla barafu haijasafiri, akijua mama hatapona, na huko alikata mbao za jeneza na kuzipiga randa. Alivuka nazo alipopata mtumbwi wa kwanza, tayari tumeshazika kwa mbao nyingine, akakaa nazo kaburini hajui azifanyie nini. Nyumba nayo imeondoka kwenye nguzo zake, mafuriko yaliiteremsha, imelala kwa ubavu. Usije ukauliza kama kuna kitu kilichobaki. Hakuna.

Sasa swali lako.

Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kitandani, na kelele za barafu zinasikika hata dirisha likiwa limefungwa, ule mngurumo na ile milio ya vipande vikigongana. Nilikuwa namfuta jasho. Akafungua macho, na macho yalikuwa safi, Lusha, macho yake ya zamani. Akanitazama sana. Akasema, "Lusha. Umekuja."

Nilifungua mdomo kusema ni mimi Kapa, kama nilivyosema majira yote ya baridi. Nikamwona anavyonitazama. Nikasema, "Nimekuja, mama."

Aliniuliza kama Otari ananipiga. Nikasema hapana, ananipikia. Akacheka, akakohoa, akasema, "Mwanamume anapika! Basi huko hufi njaa." Akauliza bahari ya huko inaganda? Nikamwambia haigandi, mama, hata katikati ya Januari watu wanauza machungwa pwani. Akafumba macho. Akasema, "Basi mume wako hatachukuliwa na barafu. Nami nikakufukuza kwa ajili ya mtu huyo." Nilimwambia yamepita. Akasema hayakupita. Akasema, na haya ni maneno yake sijayapamba, "Hasira iliniisha juma lile lile ulilopanda treni. Iliyobaki ni aibu, na aibu ndiyo iliyonizuia kukuandikia. Matunda uliyonitumia nilisema nimewapa majirani. Niliyala peke yangu gizani." Akaniwekea mkono kichwani, akakubariki wewe, mume wako, na mtoto wa tumboni. Nilikuwa nimemwambia una mimba; kumbe hilo hakulisahau. Basi mtoto wako ana baraka yake, na wewe hudaiwi kitu. Umesamehewa miaka yote hii, ulikuwa tu hujui.

Hili ningeweza kukuandikia na kuishia hapo. Nimejaribu, karatasi mbili nimezichana. Lakini kuna lililofuata, na sina mwingine wa kumwambia.

Akauliza, "Na Kapa?"

Nilishika ukingo wa kitanda. Nikamwambia Kapa yuko njiani, anakuja. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kapa aliondoka zamani. Siku tulipohama aliondoka, akaniacha na yule mama wa halmashauri. Usimgombeze ukimwona. Alichoka, mtoto wa watu, mimi nilikuwa mzigo." Kisha akanivuta karibu kana kwamba kuna anayetusikiliza, akaninong'oneza, "Lakini yule mama si mbaya. Mikono yake ina joto. Mpe chochote kabla hujaondoka, tusionekane hatuna shukrani."

Lusha, maneno yalikuwa hapa mdomoni. Ni mimi, mama, ni mimi hapa. Lakini ningesema hivyo, wewe ungeondoka kitandani pale, na alikuwa amekungoja miaka kumi. Nikamwambia, "Nitampa, mama." Akatulia. Alinishika mkono akalala, na barafu ilipopungua kelele jioni nikaona kwamba hata pumzi yake sijaisikia kwa muda mrefu.

Sikulaumu. Sitasema pia kwamba sikukuonea wivu, maana nilikuonea, nilikuonea hata nikimvisha sanda. Nilimlilia mama yangu, halafu nikajililia mwenyewe, na mpaka leo siwezi kutofautisha kilio kipi ni kipi. Kiwandani wameniita nirudi, nitarudi Jumatatu. Huko nako wananiita kwa namba ya msumeno.

Feoktist anakusalimu, anasema umwambie Otari kwamba sisi walaji wa samaki wa chumvi tunamsamehe kwa kutuibia msichana. Mbusu mtoto. Usinyanyue vitu vizito. Ukipata nguvu niandikie, hata mistari miwili, na usianze na "dada mpendwa" kama unavyofanya siku zote. Anza na jina langu, uliandike lote.

Ni mimi,
Kapitolina Zosimovna