Kanuni Niliyoitetea Imemkamata Mama

Jumatano jioni, Bariadi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kompyuta. Nimefuta meza mara tatu. Ukiniona nafuta meza mara tatu, ujue kuna jambo sitaki kulifanya.

Jumamosi saa tatu asubuhi natakiwa niwe Mwanza, mbele ya jopo, nitetee tasnifu yangu ya uzamili. Jumamosi hiyohiyo, saa hizohizo, natakiwa niwe Sapiwi nyumbani kwa mama, niipikie nzengo nzima. Kotekote siwezi kuwa, na pa kujificha sina.

Ngoja nieleze vizuri, maana hata mimi naona kama nasimuliwa habari za mtu mwingine.

Nzengo ni majirani zetu wote wa upande wetu wa kijiji. Msiba ukitokea wao ndio wanaochimba kaburi, wanaleta maji, kuni na unga, wanalala na wafiwa. Mtu mzima aliyeandikishwa asipoonekana misibani, nyumba yake yote inatengwa. Hamsalimiwi, hampewi moto wala chumvi, na ninyi mkifiwa mnazika wenyewe. Kwetu, baba alipofariki, nafasi yake niliandikishwa mimi.

Nasoma nadharia za taasisi na tabia za watu ndani yake. Wanafunzi wenzangu wote waliandika kuhusu ofisi zao. Mimi nikajiona mjanja, nikaiandika nzengo.

Mwaka jana, nikiwa nakusanya maoni, vijana waliotoka kwenda kutafuta kazi waliomba jambo dogo tu kwenye kikao. Msiba ukiwakuta kazini, waruhusiwe kutuma mtu badala yao, wasihesabiwe watoro. Aliyesimama kuomba alikuwa Doto, jirani yetu, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa. Mzee Masanja, katibu wa nzengo, akanigeukia, akasema tumsikie msomi wetu.

Ningeweza kusema mimi ni mtafiti tu. Wapi! Nilisimama nikaongea karibu nusu saa kuhusu watu wanaokula jasho la wenzao, na jinsi kikundi kinavyooza mmoja akiachiwa. Nikasema kila mtu ahudhurie mwenyewe, na akikosa atumikie adhabu mwenyewe, hakuna kutuma mtu. Walipiga makofi, kanuni ikapita. Siku ile nilifurahi sana, jamani, mpaka nikaandika kwenye daftari kwamba wanachama wameipokea vizuri.

Doto aliketi chini.

Sasa ni zamu yangu. Nimekosa misiba mitatu. Wa kwanza nilikuwa darasani Mwanza. Wa pili nilikuwa na mtihani. Wa tatu sina cha kujitetea. Nilikuwa hapahapa Bariadi naandika sura ya nne, ile inayohusu mahudhurio misibani. Mama alinipigia simu, nikamwambia nimebanwa.

Jumapili nikaenda kumwona. Njiani niliwasalimia "mwangaluka" wanawake watatu waliokuwa wanachuma pamba, watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto. Waliinama wakaendelea kuchuma. Nilidhani hawajanisikia. Nikamkuta mama anatwanga peke yake, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba hiyo ni wiki ya pili. Hakutaka kunisumbua kwa sababu ya masomo yangu.

Wiki mbili mama yangu hajasalimiwa na mtu, kwa kanuni niliyoitetea mimi.

Nilikwenda kwa Mzee Masanja, nikaishia uani, maana ndani sikukaribishwa. Katibu pekee ndiye anayeruhusiwa kuongea na aliyetengwa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema nzengo inakutana Jumamosi, nije nipike, niwahudumie watu kwa magoti, yaishe. Nikikosa, kikao kingine ni baada ya msimu wa pamba. Nikamwomba nimtume dada yangu badala yangu. Aliniangalia kwa huruma kabisa.

"Wewe ndiye uliyetufundisha, mwanangu. Nikimpokea dada yako, Doto nitamwambia nini?"

Kumbe Doto alishatumikia adhabu yake. Alikosa misiba kama mimi, akaomba ruhusa kiwandani aje kupika, akanyimwa, akaja hivyohivyo, na kazi ikaishia hapo. Sikuambiwa, na wala sikuuliza. Kwenye tasnifu nimeandika kwamba kanuni ile imekubalika na wote.

Jumatatu nilimpigia msimamizi wangu wa chuo. Alicheka, kisha akachangamka, akasema hiyo ni data nzuri, niongeze aya moja sura ya tano. Nilipoomba tarehe nyingine akasema jopo lijalo ni baada ya miezi kadhaa. Ruhusa yangu ya masomo kazini inaisha mwezi huu, na bosi alishasema haongezi hata siku moja. Dada wa masijala ofisini kwetu aliposikia yote alisema tu, "Mkuki kwa nguruwe." Hakumalizia.

Nina hasira. Na nzengo, na chuo, na Mzee Masanja na upole wake. Kuna saa namkasirikia hata mama kwa kutolalamika. Kisha nakumbuka nani alisimama kwenye kile kikao, na hasira inakosa pa kwenda.

Leo mchana nilimpigia mama. Nikamwambia nitakwenda Mwanza kwanza, pamba ikiisha nitakuja kutumikia, avumilie kidogo tu. Nilijipanga kwa hoja, kama kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema niende nikasome, yeye salamu hazimuumizi, ameshazeeka. Halafu akauliza, kwa sauti ileile anayoniulizia kama nimekula:

"Nikifa kabla ya hapo, wewe na dada yako mtaweza kuchimba wenyewe?"

Nilikata simu, nikafungua kompyuta.

Nimeshatuma barua pepe kwa msimamizi. Jumamosi sitafika. Sijisikii shujaa, wala sijapata nafuu yoyote. Shahada sijui kama nitaipata tena, na bosi bado sijamwambia.

Nilitaka angalau nisimame niwaambie watu wa nzengo kwamba nilikosea, ile kanuni waiangalie upya. Haiwezekani. Anayetumikia adhabu haruhusiwi kusema neno mpaka watu wamalize kula na kuondoka. Nitapika. Nitapiga magoti na kuwanawisha mikono mmoja mmoja, kimya, na Doto atakuwa amekaa hapo kama wenzake, akisubiri zamu yake.

Nikifika kwake, uso nitauweka wapi?