Mwanao Anasoma Wapi?

Jumatatu, Azaiba

Jioni nilisimama mbele ya wazazi kuomba kura za baraza la skuli yetu ya serikali, na mzee mmoja akaniuliza, "Unaitetea sana skuli hii, binti yangu. Mwanao anasoma wapi?"

Nikasema kweli. "Alikuwa skuli ya kulipia, baba. Niliona haya, nikamleta hapa muhula huu."

Nikajua nimejiharibia.

Tulipotoka, mzee alikuwa akinisubiri mlangoni. "Nna wajukuu watatu humu," akasema. "Kura yangu unayo."

Kura zenyewe kesho. Naogopa kushindwa, sitajidanganya. Lakini hata nikishindwa, Salma wangu atakuwa darasani palepale, na mimi nitaendelea kugonga mlango wa mwalimu mkuu kuwasemea watoto wetu.