Gari la Dada: Kwa Wakala au kwa Masikio?

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada ni vizuri ujue barua hii imetoka kwa nani, maana mimi si msomaji wa kawaida, mimi ndiye mtu ambaye gari likikohoa popote katika mtaa wetu watu hawaangalii boneti, wananiangalia mimi. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wa hesabu aliona nitamwaibisha mbele ya wenzake, lakini kwa upande wa magari nimefika mbali, nimewahi kumwambia mtu kwenye simu kwamba plagi yake moja imekufa, kwa kusikia honi tu, na kweli ilikuwa imekufa, ingawa yeye mpaka leo anasema ilikuwa betri.

Sasa mshauri, dada yangu mkubwa alipata kazi nje ya nchi akaniachia gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, limekaa chini utadhani linatafuta sindano sakafuni. Wadogo zetu wote waliumezea mate ule ufunguo. Akanipa mimi, akasema mbele yao, "Huyu ana maneno mengi, lakini ukimpa kitu anakitunza." Nimesifiwa na wakubwa wengi maishani, mshauri, lakini maneno yale bado nayasikia nikiwa naoga. Anarudi mwishoni mwa mwezi huu, na gari limeanza kulia.

Si mlio mkubwa, ni asubuhi tu, nikikata kona ya kushoto, chini kunasikika kitu kama kijiko kinachokoroga chai kwenye glasi, halafu gari likishapata moto kinanyamaza siku nzima, na mimi nabaki nakiwaza. Ni nini? Kwa nini kushoto tu? Mchana kinakwenda wapi? Mke wangu amechoka, anasema, "Baba watoto, si ulipeleke kwa fundi tupumzike?" Haya, fundi yupi?

Nikaenda kwanza kwa wakala mkuu wa kampuni yenyewe, kwa miguu, nipeleleze. Jengo zima ni kioo, sakafu inateleza, na kuna sofa ndefu ambapo wateja wanakunywa kahawa wakitazama magari yanavyoingia. Binti wa mapokezi akaniambia, "Karibu mzee. Gari unalileta hapa mbele, unashuka, unanikabidhi ufunguo, mengine tuachie sisi."

"Na mimi naingia kule ndani nione mnavyofanya?"

"Hapana mzee, kule ni mafundi tu."

Kule kwenyewe ni mlango wa kijivu, mshauri, ukifunguka nanyoosha shingo, kabla sijaona kitu umefungwa, nilirudi nyumbani shingo inauma. Lakini binti yule aliniambia jambo moja zito, kwamba gari la dada bado lina waranti, na mtu wa nje akilifungua kikaharibika kitu, huko mbele yatakuwa mabishano.

Siku iliyofuata nikaendesha mpaka kwa Masikio. Huyu alikuwa fundi wa wakala hao hao, akatoka, akafungua gereji yake nyuma ya maduka ya mbao, na anatengeneza magari ya aina hiyo tu, ukimpelekea pikapu anakuonyesha geti. Jina hilo amepewa kwa jinsi anavyosikiliza injini amefumba macho. Pale hakuna mlango wa kijivu, kila kitu unakiona. Mimi nilibaki kwenye usukani kama mkubwa, yeye akajilaza chini ya gari, akaniuliza kutoka huko huko, "Mjomba, hili ulilipandisha ngazi?"

"Mimi nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa!"

"Ndiyo maana nauliza, mjomba."

Akasema anahisi ni kitu kimelegea, lakini hawezi kuapa mpaka afungue bamba la chini. Nikamwambia asubiri kwanza.

Basi mshauri, wakala ana waranti na mlango wake wa siri, Masikio ana uwazi na mdomo mchafu, moyo wangu uko kwa Masikio, na nikikosea dada atauchukua ufunguo mbele ya wale wale waliosikia ananisifu. Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu haraka.

Mjomba wa Mtaa Mzima

*

Mjomba wa Mtaa Mzima,

Pole kwa mlio, na hongera kwa kutolifungua gari mwenyewe. Nilivyoisoma aya yako ya kwanza niliogopa kwamba kwenye ya pili ningekuta injini iko sebuleni.

Sasa nisikilize. Gari si lako. Mwenyewe yupo na ana simu. Imekuwaje mimi nisiyemjua nimejua gari lake linalia, na yeye hajui? Unaogopa atakunyang'anya ufunguo kwa sababu ya mlio. Magari yote hulia, mjomba. Atakunyang'anya akigundua ulimficha. Mpigie leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Kuhusu fundi, maadamu waranti ipo, nenda kwa wakala. Wana wajibu wa kulitazama gari hilo, na huna sababu ya kumwachia dada yako mabishano. Ila usilipeleke likiwa na moto, kwa sababu litanyamaza na watakwambia halina kitu. Liache lilale kwao, asubuhi fundi azunguke nalo kabla halijapata joto, na wewe uwe pembeni yake umwonyeshe kona. Kisha waombe wakuonyeshe kwa macho kilichokuwa kimelegea. Mteja ana haki ya kuuliza. Ukiuliza kwa adabu, hata mlango wa kijivu hufunguka.

Masikio usimtupe. Waranti ikiisha, fundi wa kujitegemea anayejua aina moja ya gari anaweza kuwa chaguo zuri kuliko jengo la kioo. Lakini mwulize mambo ya maana: ana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari hilo? Anafunga vipuri gani? Akikosea, anarudia kazi kwa gharama ya nani? Akikujibu kwa utani, washa gari uondoke. Akikujibu sawasawa, mvumilie mdomo wake, kama wenzako wanavyouvumilia wa kwako.

Kimebaki kitu kimoja kinachoniwasha. Umeniambia wakala ana waranti, umeniambia hatari ya kwenda kwingine, halafu unasema moyo uko kwingine. Sababu hukuitaja. Kunyimwa kuchungulia si sababu, huo ni udaku tu. Unakwepa nini pale kwa wakala? Peleka gari, kisha uniandikie ukweli, na uwe mfupi.

Mshauri

*

Mpendwa mshauri, nimepeleka. Dada nilimpigia siku ile ile, akauliza, "Yaani umeniambia mwenyewe? Hukungoja nije nigundue?" Akasema ufunguo nikae nao, na akitua nikampokee na gari hilo hilo.

Lililala kwa wakala kama ulivyosema. Asubuhi fundi akaniomba nipande nimwonyeshe kona, nikakataa kwa heshima, nikamwelekeza kwa mkono. Akarudi anacheka, ameusikia mlio. Ni bati linalokinga joto la bomba la moshi, skrubu moja ililegea. Likiwa baridi linagonga, likipata moto linatanuka na kujibana lenyewe, na ukikata kona ya kushoto ndipo linapoegemea bomba. Nilimwambia nilishajua ni skrubu. Wamekaza bila malipo, tena wakaniingiza nione. Nyuma ya mlango wa kijivu kuna jeki, taa kali, na mtu anakula ndizi.

Sasa lile swali lako. Kiti cha gari lile kiko chini mno, na mimi tumbo limetangulia mbele, kuingia naingia, kutoka siwezi. Nyumbani mke wangu hufunga geti kwanza, kisha hunivuta mikono yote miwili. Kwa Masikio sikushuka kabisa. Kwa wakala, siku ya kulipeleka, mbele ya sofa yote, ilibidi nitangulize viganja sakafuni nitoke kwa magoti, na binti wa mapokezi akakimbia akainama kando yangu, akaniuliza nimedondosha nini. Nikamwambia miwani. Tuliitafuta pamoja, na wateja wawili wakaacha kahawa zao wakatusaidia.

Mshauri, mimi sivai miwani.