Tano za Syprose

Kapsoit, Kericho
14 Novemba 1996

Kwa mdogo wangu mpendwa Bonareri,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini miguu ya Mama imepata nafuu, na wewe bibi arusi unapata usingizi. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Huku mvua inanyesha kila mchana na viatu havikauki.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Tunazunguka kambi za wachuma majani chai tukiuliza kama wameridhika na nyumba, maji na zahanati. Wanajibu kwa namba: moja ni kutoridhika kabisa, tano ni kuridhika sana. Halafu tunarudi kwa watu wale wale na maswali yale yale, tujue kama kipimo chenyewe kinaaminika.

Majibu yalilingana. Mkubwa wetu, Bwana Mageto, alifurahi, akasema kipimo ni kizuri na mwisho wa mwezi huu tutafunga kazi.

Lakini kuna mchuma majani mmoja, Mama Syprose. Mara ya kwanza aliipa zahanati tano. Niliporudi, alikuwa amemzika mtoto wake, aliyerudishwa kutoka zahanati hiyo bila dawa. Nikamuuliza tena, akasema tano. Nilishindwa kuandika. Nikamwambia, "Mama, tano kweli?"

Alitazama mlangoni kwanza, maana nyapara alikuwa amesimama nje. "Andika tano, dada. Nina wengine wawili. Nikisema moja, wakiugua nitawapeleka wapi?"

Nilimweleza Bwana Mageto kwamba namba zinalingana kwa sababu watu wanaogopa leo kama walivyoogopa juzi. Aliguna, akasema nimemharibia mwezi. Hata hivyo alikubali tuwaulize wachache kanisani, mbali na kambi. Wengi walishuka mpaka mbili, mpaka moja. Syprose alisema moja, akalia. Kisha akaniuliza kama sasa dawa zitaletwa.

Basi kazi yote inaanza upya, na itafika Krismasi. Ruhusa hakuna. Bonareri, sitakuwepo kwenye harusi yako. Ningenyamaza, ningeingia na wewe kanisani. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo, na bado nikasema.

Mwombe shangazi Nyabate asimame mahali pangu. Kasirika ukitaka, lakini uniandikie.

Nisalimie Mama na wote wa hapo nyumbani. Mungu aibariki ndoa yako.

Ni mimi dada yako,
Nyambeki