Kidevu cha Bwana Mayhew Kimefika Ukutani

Vernelle, mdogo wangu, unajua kwamba ukuta wako umemalizika?

Mwaka mmoja umetimia tangu ulipotuacha, ile Septemba, jukwaa la vyuma bado limesimama na nusu ya ukuta ikiwa matofali matupu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sasa nalala. Picha imekamilika, imepita theluji na mvua za Machi, na hakuna ncha hata moja iliyobanduka. Mwanao Corwin huipapasa kwa kiganja kila Jumapili baada ya ibada, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Tunakumbuka rangi kwenye nyusi zako, na chai uliyoisahau kila mahali, hata juu ya piano ya kanisa. Mchungaji alikupa chumba cha chini, ukakijaza meza. Ukaikata picha ya ukuta mzima vipande vya kitambaa vya kubandikwa ukutani kwa gundi, kila kimoja na namba za rangi zake, ukawaita watu wa Filadelfia yetu hii ya kaskazini waje wapake. Hukumuuliza mtu kama anajua. Mwenye mkono wa kutetemeka ulimpa majani ya mti.

"Majani hayataki mkono mtulivu," ulimwambia Bi Eulalie, akacheka mpaka akamwaga maji ya brashi. Bi Eulalie, ambaye tangu amzike mumewe hakuwa akifungua hata pazia! Siku hizi anatoa kiti chake mbele ya ukuta, pale uwanjani tulipokuwa tukipita mbio kwa hofu, na hakai peke yake.

Wewe ulitaka mtaa ujione wenyewe: meza ndefu katikati ya barabara, majirani wamekaa, kuku wa kukaanga na sukuma wiki mbele yao. Ulipofariki, vipande vingi vilikuwa majumbani, maana uliwaruhusu watu waondoke navyo. Corwin akatangaza kanisani kwamba baridi ikianza gundi haishiki, na pengo moja tu likibaki, maji yataingia kwa nyuma yaibandue picha yote. Watu wakaleta. Wengine walivifunga kwa foronya kama vitoto vichanga. Kikabaki kimoja, kidevu cha jirani yetu Bwana Mayhew, nacho kilikuwa kwa Mzee Thurman Pettiford.

Wewe na akili zako! Watu wawili wasiosalimiana tangu ule ugomvi wa kuegesha gari, ukampa mmoja kidevu cha mwenzake.

"Thurman, lete kidevu changu!" Mayhew alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Wajukuu wananiona ukutani bila kidevu, wananiita kobe!"

"Kobe ana adabu. Haegeshi gari pale mwenzake alipozoa theluji kwa koleo lake mwenyewe."

"Nilikuwa na mgonjwa ndani ya gari!"

"Mgonjwa gani? Keki ya mkeo?"

Corwin alitaka kukata kipande kipya. Nikamwambia asubiri.

"Mama mkubwa, baridi haisubiri mtu."

"Mimi nitamsubiri."

Nikachukua bakuli langu la maharagwe mabichi, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ya Thurman. Sikumuuliza kitu. Kesho yake nikarudi, na siku iliyofuata. Akaja akakaa, akanisaidia kukata ncha, tukaongea habari za magoti yetu. Jioni moja upepo ulipoanza kuuma, aliingia ndani akatoka na kitambaa. Vernelle, sijaona kidevu kama kile! Alikuwa amekipaka hadi kovu la wembe.

"Kimekauka tangu Julai," alisema.

"Sasa kilikuwa kinangoja nini?"

Akakikunja, akakikunjua.

"Vernelle alikuja na kamera, akaniomba uso. Nikamwambia uso wangu si wa kubandikwa ukutani kama mtu anayetafutwa na polisi. Akarudi, nikamfungia mlango. Halafu nikashuka kule kanisani, nikaona mtaa mzima umekaa mezani kwenye picha. Nikajiambia, akiniomba tena, nitakubali. Kisha akafa. Nikirudisha hiki, Odessa, sina changu tena pale."

Nikaendelea na maharagwe. Nilijua hajamaliza.

"Nilitaka na mimi niwemo," akasema. "Hata mwisho wa meza, kule kwenye vyombo vichafu."

Yumo, Vernelle. Corwin alimchora, naye Mayhew ndiye aliyeshika ndoo ya gundi. "Mwekeni karibu na mimi," alisema, "ila mbali na sahani yangu." Kidevu kilipanda siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata baridi ikaingia, ikakuta ukuta umefungwa vizuri, nami nikaketi kitandani nikalia kwa kushukuru.

Unakumbukwa na mimi dada yako Odessa, mwanao Corwin na mkewe Shavonda, wajukuu zako Lyric na Amari, kaka yetu Hosea aliyeko Baltimore, waumini wenzako, na wote waliokaa kwenye meza yako. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.